Kanada na zamu wa jirani: namna gani nchi kubwa hivi ilizoea kulala bila kufunga mlango

Huku Goma ukitaja Kanada mtu anawaza vitu viwili, viza na baridi. Karibu kila familia iko na mtu Montréal ao Ottawa, ao iko na mtu anatafuta njia ya kufika. Jeshi ya Kanada hakuna anayeiwaza, na kusema kweli hata Wakanada wenyewe miaka mingi hawakuwa wanaiwaza sana, ndio maana tangu Donald Trump aanze kusema mwishoni mwa 2024 eti Kanada ingefaa kuwa jimbo la 51 la Marekani, swali ni lilelile kila ukifungua simu: nchi kubwa hivo, tajiri hivo, ilikuwa inawaza nini miaka yote hii? Jibu la haraka ni kwamba walizembea. Hilo jibu liko na ukweli ndani lakini halitoshi, ju ukifuata hesabu yao mwaka kwa mwaka unaona karibu kila serikali ilifanya kitu chenye akili, alafu zile akili zote ukizijumlisha unapata nchi ambayo haiwezi kuona vizuri anga yake yenyewe bila kumuuliza jirani.

Tuanze na ramani ju bila ramani huelewi kitu. Kanada ni nchi ya pili kwa ukubwa duniani baada ya Urusi, watu wake ni kama milioni 40 tu, na theluthi mbili yao wanaishi ndani ya kilomita 100 kutoka mpaka wa Marekani, kaskazini huko juu ni barafu na vijiji vichache mbalimbali. Pande tatu ni bahari. Upande wa nne ni Marekani, kilomita 8,891 za mpaka ukihesabu na ule wa Alaska, hakuna nchi mbili zingine zenye mpaka mrefu kama huo, na hakuna jeshi imejipanga pale. Tangu 1817 walikubaliana hata kupunguza meli za vita kwenye Maziwa Makuu (yao, si yetu).

Kuna mji unaitwa Stanstead, kule Quebec, umeshikana na Derby Line ya Vermont sawa vile Goma na Gisenyi zimeshikana. Pale kuna maktaba inaitwa Haskell, ilifunguliwa 1904, ilijengwa makusudi juu ya mpaka: mstari mweusi umepita kwenye sakafu, mlango mkubwa uko Marekani, vitabu viko Kanada, na kwa zaidi ya miaka mia Mkanada alikuwa anazunguka kwa miguu, anaingia kwa mlango wa Marekani, anachukua kitabu chake, anarudi nyumbani, hakuna viza, hakuna muhuri, hakuna wa kumuuliza "unaenda wapi". Mama aliyepanga foleni Petite Barrière, pale mpakani kati ya Goma na Gisenyi, asubuhi na kibali mkononi na beseni ya nyanya kichwani anajua hiyo ni ajabu ya namna gani. Machi 2025 Wamarekani wakatangaza kuibana hiyo njia.

Sasa usifikiri walizaliwa marafiki. Mwaka 1812 Wamarekani walivamia Kanada, ilipokuwa bado koloni ya Uingereza, na 1814 Waingereza wakaenda kuchoma Ikulu ya Washington. 1866 watu wenye silaha kutoka Marekani, Waayalandi waliokuwa wanataka kuibana Uingereza, walivuka tena mpaka wakapigana, na hofu ya jirani ni moja ya sababu zile koloni ziliungana 1867 zikawa nchi. Hata baada ya Vita Kuu ya kwanza, afisa mmoja wa jeshi ya Kanada aliandika mwaka 1921 mpango wa kuvamia Marekani haraka kabla wao hawajavamiwa, na Wamarekani nao 1930 wakapitisha mpango wao wa vita na Uingereza, na ndani yake Kanada inachukuliwa. Hizo karatasi zilibaki kwenye makabati. Lakini zinakuonyesha kwamba ule usingizi tunaouongelea si wa asili, kuna siku ulianza.

Watu wengi wanautaja mwaka 1924. Seneta Raoul Dandurand alisimama Geneva, kwenye Shirika la Mataifa (lile lililotangulia Umoja wa Mataifa), akasema Kanada inaishi kwenye nyumba isiyoshika moto, mbali na vitu vinavyowaka. Alikuwa anaelezea kwa nini nchi yake haina hamu ya kuahidi kwenda kupigana vita za Ulaya. (Sisi ambao tumejenga na mawe ya volkano, na tumeona Nyiragongo 2002 na 2021, tukisikia mtu anasema nyumba yake haishiki moto tunamwangalia tu.) Miaka 15 baadaye Kanada ilikuwa kwenye Vita Kuu ya pili, na si kidogo: nchi ya watu kama milioni 11 ilivalisha zaidi ya milioni moja nguo za jeshi, na tarehe 6 Juni 1944 ilikuwa na ufukwe wake kabisa kule Normandie, unaitwa Juno. Kwa hiyo yule anayesema Wakanada ni waoga hajui historia.

Mambo yenyewe yalifungwa kati ya 1938 na 1940, na hapa naomba usome polepole. Agosti 1938 rais wa Marekani, Franklin Roosevelt, alienda Kingston, Ontario, akasema Marekani haitakaa mikono mifukoni kama dola ingine inatishia ardhi ya Kanada. Watu walipiga makofi. Lakini waziri mkuu wao, Mackenzie King, hakuwa mjinga, siku mbili baadaye akajibu kwamba Kanada nayo iko na deni: ihakikishe adui hapiti kwenye ardhi yake, bahari yake wala anga yake kwenda kupiga Marekani. Agosti 1940, Ufaransa imeshaanguka, Uingereza inapigwa mabomu, hao wawili wakakutana Ogdensburg, New York, wakaunda kamati ya pamoja ya ulinzi, na kamati yenyewe wakaiita ya kudumu.

Wengi wanakumbuka ahadi ya Roosevelt, jibu la King wanalisahau, na ugonjwa wote uko kwenye lile jibu. Chukua mtu wa Himbi, hapa Goma, ambaye jirani yake tajiri ameweka zamu watatu, yaani walinzi wa usiku, na projekta kubwa, ile mwanga inamwagika mpaka kwenye parsele yake. Mwizi hawezi kupita pale. Kwa nini huyu mtu alipe zamu wake? Anapeleka pesa kwenye minerval (karo ya shule) ya watoto, na hiyo ni akili. Lakini wale zamu hawamlindi yeye, wanalinda nyumba ya boss wao, na siku wakiona kivuli kwenye ukuta wake wataruka waingie kwake usiku bila kugonga, na wakiingia atawaambia nini? Wataalamu wa mambo ya ulinzi wako na jina ya hiyo hali, wanaiita ulinzi dhidi ya msaada: nchi ndogo inatumia pesa kwa jeshi si ju ya adui, ni ju rafiki asipate sababu ya kuja kuisaidia bila kuitwa. Mimi naona ukishaelewa hiyo umeelewa karibu siasa yote ya ulinzi ya Kanada tangu 1940, mengine yote ni kubishana bei.

Na mwanzoni walikuwa wanalipa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Kanada ilitumia zaidi ya asilimia 7 ya pato la taifa kwa ulinzi, ju Warusi walikuwa na ndege za nyuklia na njia fupi ya kufika Chicago inapita juu ya barafu ya Kanada. Ikajengwa mistari ya rada kaskazini, ule mkubwa ulikamilika 1957, Wamarekani ndio walilipa. Mwaka huohuo ikaanza NORAD, komandi moja ya anga kwa nchi mbili, mkataba ukasainiwa 1958: komanda ni Mmarekani, naibu wake Mkanada, makao Colorado. Alafu tarehe 20 Februari 1959 serikali ikaua ndege yake ya kivita, Avro Arrow, ambayo wahandisi wao waliitengeneza wenyewe, kama watu 14,000 wa kiwanda wakapoteza kazi siku ileile na zile ndege za majaribio zikakatwakatwa vipande. Ilikuwa ghali sana, hakuna nchi ingine ilitaka kuinunua, uamuzi haukuwa wa wazimu. Ila miaka miwili baadaye wakaanza kurusha ndege za Marekani zilizotumika. Wakanada wazee mpaka leo ukiwatajia Arrow wanakasirika.

Kutoka pale ilikuwa kushuka tu, mpaka karibu asilimia moja ya pato la taifa kufikia 2014, mwaka ambao nchi za NATO, ule muungano wa kijeshi wa Marekani, Kanada na nchi za Ulaya, zilikubaliana kila moja ifikie 2. Lakini asilimia hazionyeshi kitu, angalia vyombo. Elikopta za Sea King za jeshi ya majini zilifika 1963, Kennedy yuko hai. Mwaka 1993 serikali mpya ya Jean Chrétien ilivunja mkataba wa kuzibadilisha ju iliahidi hivo kwenye kampeni, kuvunja peke yake kuligharimu karibu dola milioni 500 za Kanada, na zile Sea King zikaendelea kuruka mpaka 2018. Miaka 55! Rubani anaweza kurusha ileile mashini ambayo baba yake alirusha. Nyambizi, zile meli za kuzama chini ya maji, walinunua nne mitumba kutoka Uingereza 1998, na Oktoba 2004 moja inaitwa Chicoutimi ikashika moto ikiwa ndio kwanza inaelekea nyumbani, afisa mmoja akafa. Na kaskazini kwenyewe, kwenye ile Arktiki ambayo kila mtu anasema Warusi na Wachina wanaitamani, macho ya nchi kwa miaka mingi yamekuwa Rangers, kama watu 5,000, wengi wenyeji wa kule Wainuit na wengine, wamevaa sweta nyekundu za kofia, na mpaka kama 2018 walikuwa wanabeba bunduki ya Lee-Enfield, ileile ya Vita Kuu ya pili. Usicheke, ile bunduki haigandi kwenye baridi na dubu mweupe haulizi ni modeli ya mwaka gani. Wale watu wanaijua ardhi yao kuliko satelaiti yoyote. Lakini ni zamu wa kuangalia tu, hawakuwekwa kuzuia jeshi.

Kwa nini hakuna aliyerekebisha? Ju hakuna mwanasiasa wa Kanada aliwahi kupoteza uchaguzi kwa sababu ya nyambizi. Watu wanataka hospitali, wanataka shule, na wabunge wanajua kwamba ikitokea kitu kikubwa Washington itakuja tu, haiwezi kukaa, ni yadi yake. Ule uhakika ndio uliwalevya. Ukiwa na rafiki ambaye *anaweza* kuondoka unabaki macho kidogo, ila rafiki ambaye hawezi kuondoka ju ya jiografia anakufanya usahau kabisa.

Na sisi wa Goma tuliwahi kuona hiyo kasoro kwa macho, ingawa wengi hawajui. Novemba 1996, AFDL, waasi wa Laurent-Désiré Kabila, imeshachukua mji, wakimbizi wa Rwanda mamia kwa maelfu wamekwama Mugunga na sehemu zingine, Kanada ilijitolea kuongoza jeshi ya kimataifa ije huku. Baraza la Usalama likakubali tarehe 15 Novemba, azimio 1080, jenerali Maurice Baril akapewa uongozi. Nia ilikuwa nzuri, na jina lao kwenye mambo ya amani lilikuwa kubwa: Lester Pearson alipata Nobel 1957 kwa kazi ya kutuliza mgogoro wa Suez, na Roméo Dallaire, jenerali wao aliyeongoza askari wa amani wa Umoja wa Mataifa, alikuwa ameachwa na dunia pale Kigali 1994. Lakini ndege kubwa za kubeba jeshi mpaka huku hawakuwa nazo (C-17 zao walizinunua 2007), habari za satelaiti hawakuwa nazo, kila kitu kilisubiri Washington iamue, na wakati Washington inasitasita kambi ya Mugunga ikavunjika, wakimbizi wakatembea mamia kwa maelfu kurudi Rwanda, wengine wakaingia msituni kuelekea magharibi, na ile jeshi haikuja. Sisemi ingekuja historia yetu ingebadilika, hiyo hakuna anayejua. Nasema nchi iliyoazima misuli ya jirani inaweza kunyanyua tu kile ambacho jirani anataka kinyanyuliwe.

Bei nayo ilikuwa inalipwa kidogokidogo, kwa pesa ingine. Desemba 1999 jamaa mmoja alivuka kutoka Kanada na baruti ndani ya gari, mpango wake ulikuwa kulipua uwanja wa ndege wa Los Angeles, afisa wa forodha wa Marekani akamshika. Baada ya tarehe 11 Septemba 2001 mpaka ukabanwa ghafla na malori yakapanga foleni kilomita na kilomita, viwanda vya magari vikakosa vipuri, na balozi wa Marekani Paul Cellucci akawaambia Wakanada wazi kwamba kwa Washington usalama uko juu ya biashara. Ni kweli Kanada ilisema hapana mara kadhaa, haikwenda Irak 2003, ilikataa mfumo wa kuzuia makombora 2005, na Afghanistan ilipoteza wanajeshi 158, kwenye vita ambayo NATO iliingia kumsaidia Mmarekani aliyepigwa, si kinyume chake. Hiyo ya mwisho watu wanaoita Kanada kupe wanaisahau makusudi.

Alafu Februari 2023. Baluni ya Wachina ilipita anga ya Kanada ikaingia Marekani, na siku chache baadaye, tarehe 11, kitu kingine kisichojulikana kikaonekana juu ya Yukon. Ndege za Kanada na za Marekani zote zikarushwa, waziri mkuu Justin Trudeau akatoa amri, na iliyokiangusha ni F-22 ya Marekani. Kisheria hakuna shida, ni NORAD, ndio kazi yake. Lakini fikiria vizuri: kitu kiko ndani ya nchi yako, amri ni yako, kombora ni la jirani. Mabaki yalitafutwa kwenye theluji siku kadhaa, msako ukafungwa, hayakupatikana.

Kwa hiyo Trump alipoanza maneno ya jimbo la 51, akamwita Trudeau "gavana", akaweka ushuru wa asilimia 25, akasema Mei 2025 kwamba kuingia kwenye ngao yake ya makombora Kanada ilipe dola bilioni 61 ama iwe jimbo ipewe bure, mshtuko haukuwa kwamba jeshi ya Marekani itavuka mpaka. Sijasoma mtu makini anayetegemea hiyo. Mshtuko ni kwamba kila kitu walichodhani ni urafiki kilikuwa kimeandikwa kwenye daftari ya deni na wao hawakuwahi kuangalia ile daftari. Mwaka 2024 kama robo tatu ya bidhaa walizouza nje zilienda Marekani. Ndege 88 za F-35 walizoamua kununua Januari 2023 ni za Marekani, vipuri na programu zake zinatoka huko. Mark Carney, aliyeanza kuwa waziri mkuu tarehe 14 Machi 2025, alisema kabla hata mwezi haujaisha kwamba ule uhusiano wa zamani wa uchumi uliounganika na ushirikiano wa karibu wa kijeshi umekwisha, akaagiza ununuzi wa F-35 uangaliwe upya, Juni akaahidi asilimia 2 ifikiwe mwaka huohuo wa bajeti, na NATO ilipokubaliana asilimia 5 kufikia 2035 naye akasaini. Kwa nyambizi mpya, mpaka 12, Agosti 2025 walibaki na Wajerumani na Wakorea wa Kusini.

Je, pesa zitaponyesha? Mimi nina mashaka, si ju pesa ni kidogo. Asilimia ni namba ya kumwonyesha jirani ili anyamaze. Kwanza jeshi haina watu wa kutosha, imekosa vijana miaka mingi, na nyambizi hainunuliwi ukaipata mwezi ujao. Pili, na hii ndio ngumu, hakuna kiasi cha silaha kinachoweza kuijibu Marekani yenyewe, kwa hiyo kila dola wanayoongeza inajibu swali la zamani, lile la Roosevelt na King, wakati swali jipya ni la ushuru, mafuta, programu na nani anashika data. Pale ambapo pesa ina maana kweli ni kwenye macho: kuona mwenyewe kinachopita juu ya barafu yako, ju yule anayekuelezea kilicho kwako ndiye anayeamua ni hatari ao si hatari.

Kuna watu huku watasema tatizo la namna hii tungelipenda sisi. Naelewa. Tumelindwa na MONUSCO, askari wa amani wa Umoja wa Mataifa, na mji umeanguka 2012 na tena Januari 2025 wakiwepo, jeshi ya Afrika Mashariki ilikuja mwisho wa 2022 ikaondoka mwisho wa 2023, ya SADC, nchi za Kusini mwa Afrika, ikafuata, manda yake ikakatwa Machi 2025. Walinzi wetu wako na tarehe ya kuondoka, tunaihesabu kila Desemba New York wakikaa kuongeza manda. Wa Kanada hana tarehe, ju alikuwa analinda kwake, na mkataba wa NORAD wenyewe tangu 2006 hauna mwisho.

Machi 2025 Carney alienda mpaka Iqaluit, kwenye barafu, kutangaza rada mpya za kuona mbali sana kwenye Arktiki, dola bilioni 6 za Kanada, teknolojia imetoka Australia na si Marekani, na kila gazeti likaandika kwamba Kanada imeanza kujitegemea. Rada zenyewe ni sehemu ya NORAD. Kile zitakachoona kitatumwa Colorado.